Barua ya Wazi kwa Mganga Mfawidhi: Tuambieni Wagonjwa Wetu Wako Wapi

16 Juni 2025

Mganga Mfawidhi,
Hospitali ya Rufaa ya Mkoa.

Ndugu Mganga Mfawidhi,

YAH: NDUGU WA WAGONJWA KUACHWA BILA TAARIFA WAKATI WA UPASUAJI

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na ni binti wa mama mwenye umri wa miaka 68 aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo katika hospitali unayoiongoza siku ya Jumanne, tarehe 11 Februari 2025. Hii ni barua yangu ya tatu. Ya kwanza niliileta mwenyewe masjala tarehe 3 Machi, ikagongwa muhuri wa kupokelewa mbele yangu. Ya pili niliitumbukiza katika sanduku la maoni lililo karibu na dirisha la dawa tarehe 14 Aprili, baada ya kufika ofisini kwako mara mbili na kuambiwa kwamba uko kikaoni. Juu ya sanduku hilo umetundikwa Mkataba wa Huduma kwa Mteja unaoahidi kwamba kila lalamiko litajibiwa ndani ya siku 14. Siku hizo zimepita, zikapita tena, na sijapata hata neno la kunijulisha kwamba barua imesomwa. Ndiyo sababu leo naandika hadharani, nikijua pia kwamba wako wengi walioketi kwenye mabenchi yale yale ambao hawakujua pa kulipeleka lalamiko lao.

Naanza na shukrani, na naitoa kwa dhati. Mama aliletwa kwa gari la wagonjwa alfajiri kutoka hospitali ya wilaya, tumbo limejaa na kukaza kama ngoma, siku ya tatu hajapata choo wala kutoa upepo. Picha ya eksirei ilionyesha kwamba utumbo mpana umejisokota. Ugonjwa huu haungoji, kwa kuwa utumbo ukijisokota mishipa inayoupelekea damu hubanwa, na sehemu iliyokosa damu huanza kufa, na ikicheleweshwa hutoboka. Madaktari wako walimpokea, wakamfungua, wakaiondoa sehemu iliyokwisha kufa, na leo mama yangu yuko hai na anakula. Kwa kazi hiyo familia yetu nzima inawaombea dua. Ninayoyalalamikia yalitokea nje ya mlango wa chumba cha upasuaji, nayo ni haya yafuatayo.

1. Hatukuambiwa lolote, ilhali hospitali ilikuwa na njia ya kutuambia.

Mama aliingizwa ndani saa nne na dakika kumi asubuhi. Muuguzi alinikabidhi bahasha ya kaki yenye bangili zake mbili, hereni, na meno yake ya bandia yaliyofungwa kwenye kipande cha chachi, akaniambia, "Ngojeni hapo, ni kama saa mbili hivi." Hilo ndilo neno pekee tulilopewa. Saa sita ikapita, saa saba ikapita. Nilipokwenda mlangoni kuuliza, mlinzi alinijibu kwa upole kwamba wakimaliza watatuambia, na naamini hakuwa na jibu jingine la kunipa. Kwa aliye ndani, kazi ya saa mbili ikizidi muda maana yake ni kwamba imekuwa ngumu kuliko ilivyodhaniwa. Kwa aliye nje, kila dakika inayozidi ile aliyotajiwa ni msiba ambao bado haujatangazwa.

Saa nane kamili simu yangu ilitetemeka, nikasimama nikidhani ni habari za mama. Ulikuwa ujumbe wa namba ya malipo: jina kamili la mama, kiasi kinachodaiwa, na siku ya mwisho ya kulipa. Sikatai kulipa, na nililipa siku ile ile kabla ya kulala. Ninachosema ni kwamba wakati tumekaa pale tunahesabu vigae vya sakafu, hospitali ilikuwa na namba yangu, ilikuwa na jina la mgonjwa wangu, na ilikuwa na mfumo ulioweza kunifikia pale benchini bila mtu yeyote kunyanyuka kitini. Mfumo unaoweza kunitafuta kwa ajili ya deni unaweza kunitafuta kwa ajili ya mama.

2. Tuliitwa kwa ugonjwa badala ya jina.

Kabla ya ujumbe huo, yapata saa saba na nusu, mlango ulifunguka kiasi cha kichwa kupita, na sauti ikaita, "Ndugu wa mgonjwa wa utumbo!" Tulisimama watu saba wa familia mbili, kwa sababu asubuhi hiyo walikuwamo wagonjwa wawili waliofunguliwa tumbo. "Damu, uniti mbili, haraka," akasema, na mlango ukafungwa kabla hajaulizwa ni ya nani. Mdogo wangu na kijana wa familia ile wakakimbilia benki ya damu wote wawili. Baadaye ndipo ilipobainika kwamba damu ilihitajika kwa mgonjwa wao, wakati mdogo wangu ameshajitolea na amelala kitandani anakunywa soda. Hajutii, na damu ile naamini imemfaa mtu. Lakini fikiria kama ingekuwa kinyume chake, kila familia ikaketi kwa kudhani kwamba iliyoitwa ni ile nyingine. Mgonjwa angengoja damu ambayo hakuna aliyekwenda kuitafuta.

Jambo hili linaniuma zaidi kwa kuwa ndani ya chumba kile kile utaratibu ni mwingine kabisa. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2008 orodha ya usalama wa upasuaji yenye vipengele 19, na kipengele cha kwanza kabisa ni kuthibitisha kwamba aliyelala mezani ndiye mwenyewe, kwamba anafanyiwa kilichokusudiwa, na kwamba ameridhia. Orodha hiyo hiyo inaitaka timu ijiulize, kabla mgonjwa hajapewa dawa ya usingizi, kama yumo hatarini kupoteza damu inayozidi mililita 500. Ndani mtu anathibitishwa kwa jina, na suala la damu linaulizwa mapema. Akishakuwa upande wa pili wa mlango, anaitwa kwa kiungo kinachomuuma.

3. Mama alizinduka akiwa peke yake, nasi tuko nyuma ya ukuta.

Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu, na naomba ulisome taratibu. Faili la mama linaonyesha kwamba alitolewa katika chumba cha upasuaji saa nane na dakika arobaini. Sisi tulijua saa kumi na moja kasoro robo. Kwa zaidi ya saa mbili mama yangu alikuwa katika chumba cha uangalizi, upande wa pili wa ukuta tuliouegemea, akizinduka taratibu kutoka kwenye nusukaputi, na sisi tunaukodolea macho mlango ambao hakupitishwa.

Acha nikueleze saa hizo mbili zilivyokuwa. Saa tisa na robo mlango ulifunguliwa wazi na machela ikasukumwa nje, imefunikwa shuka la kijani kutoka mwanzo hadi mwisho. Watu wa mabenchi yote walisimama. Mama mmoja, ambaye mtoto wake wa miaka sita alikuwa ndani, alipiga ukunga kabla machela haijafika katikati ya korido. Yalikuwa mashuka machafu yanayopelekwa kufuliwa. Mhudumu aliyeisukuma alisimama kwa mshangao, akalifunua shuka ili wote tuone, na yeye mwenyewe machozi yakamlenga. Sikumlaumu wala simlaumu sasa, maana hajawahi kuambiwa kwamba mlango anaoutumia kutolea nguo chafu ndio mlango ambao watu wanautazama kwa namna hiyo.

Ilipoadhiniwa Alasiri, baba yangu, mwenye umri wa miaka 74, alikataa kuvuka barabara kwenda msikitini kwa hofu kwamba ataitwa naye hayupo. Alitandika kanga ya mama kando ya maua, akaswali pale pale. Nilikuwa namtazama. Katika miaka yote niliyomjua sijawahi kumwona akiswali na macho yamenyanyuka, lakini siku ile kila alipoinuka kutoka kwenye sijida macho yake yalikwenda mlangoni kwanza.

Tulikuja kujua kwa bahati tu. Mdogo wangu alimwamkia dada mmoja wa usafi aliyekuwa akipita na ndoo, akamuuliza kama bado kuna watu wanafanyiwa upasuaji. Dada yule akamjibu, "Yule bibi wa tumbo? Mbona yuko chumba cha uangalizi muda mrefu." Nilipoingia, mama alikuwa macho. Midomo imekauka, na kwa sauti ambayo ilibidi niinamishe sikio ili niisikie, aliniuliza, "Mlikwenda wapi?" Alikuwa ameita jina langu, na aliyekuwapo akamwambia kwamba ndugu zake hawapo nje. Hatukuwa tumekwenda popote. Mpaka leo, pamoja na kumweleza mara nyingi, mama husema kwamba katika ugonjwa wake wote hakuna kilichomtisha kama dakika zile za kuzinduka na kuambiwa kwamba hana mtu.

4. Badiliko kubwa la mwili wake tulilijua kwa kuliona.

Fomu ya ridhaa iliyotiwa sahihi asubuhi ilisema kwamba atafunguliwa tumbo. Hakuna aliyetutajia kwamba huenda akatoka na mfuko wa haja kubwa. Nililijua hilo jioni, nilipoinua kanga ili nimfunike vizuri, nikaona mfuko umebandikwa ubavuni kushoto, na ndani yake kipande cha utumbo mwekundu kimetokeza juu ya ngozi. Nilidhani mshono umeachia. Nilipiga kelele, mama akashtuka, akapeleka mkono wake mwenyewe pale, na hivyo ndivyo naye alivyojua.

Siku mbili baadaye daktari kijana, aliyekuwa akimalizia zamu yake, alisimama kando ya kitanda na kutueleza vizuri sana. Alisema kwamba baada ya kuiondoa sehemu iliyokufa haikuwa salama kuziunganisha ncha mbili siku ile ile, kwa hiyo ncha ya juu ilitolewa kwenye ngozi ili haja ipite hapo, na kwamba baada ya miezi kadhaa, afya ikiruhusu, utumbo unaweza kuunganishwa tena. Tulielewa, na tukakubali kwamba waliomfanyia walitumia busara. Maelezo yake hayakuzidi dakika tano. Dakika hizo tano zingetolewa asubuhi kabla ya upasuaji, au alasiri baada yake, mimi nisingempigia mama kelele usoni.

5. Mahali pa kungojea.

Hapa sitarefusha maneno. Mabenchi ni mawili kwa familia zote, hakuna maji ya kunywa, na choo kiko mbali kiasi kwamba anayekwenda huogopa kuitwa akiwa hayupo. Haya naweza kuyavumilia kama yale manne ya juu yatarekebishwa.

Ndugu Mganga Mfawidhi, najua majibu ambayo ofisi yako inaweza kuyatoa, kwa sababu mengine nimeshayasikia dirishani.

Itasemwa kwamba watumishi ni wachache. Ni kweli, na nimewaona wakikimbia. Lakini simwombi daktari bingwa aache kisu aje kuzungumza nami. Darasani kwangu nina watoto 73, na kila asubuhi naita majina yao na kuandika nani yupo na nani hayupo. Kazi hiyo hainichukui dakika kumi. Mwalimu Mkuu hawezi kunikubalia nikimwambia kwamba watoto ni wengi mno hata sijui yupi yumo darasani na yupi ametoka, kwa kuwa kadiri wanavyozidi ndivyo daftari linavyohitajika zaidi. Vilevile, tuliokuwa pale tuligonga mlango ule mara nyingi sana siku ile, na kila tulipogonga kuna mtumishi aliyeacha kazi yake kuja kutufukuza. Muda huo wa watumishi unatumika tayari, ila unatumika bila faida.

Itasemwa kwamba muda wa upasuaji hautabiriki. Ndivyo hasa, na ndiyo maana mtu aliyetajiwa saa mbili anapaswa kuambiwa saa mbili zinapopita kwamba kazi bado inaendelea. Sihitaji kuelezwa kila mshono. "Bado yuko ndani, wanaendelea naye" ni maneno ambayo yangemwezesha baba yangu kuswali kwa utulivu.

Itasemwa kwamba habari za mgonjwa ni siri. Nakubali, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo. Lakini siri ya mgonjwa inavunjwa pale ugonjwa wake unapotangazwa kwa sauti mbele ya korido nzima, na inalindwa pale mgonjwa mwenyewe anapoulizwa kabla ya upasuaji, "Ungependa tumpe habari zako nani?" na jina hilo likaandikwa. Mama yangu alikuwa na akili zake timamu asubuhi ile. Angeulizwa, angenitaja mimi.

Na itasemwa kwamba ndugu wa wagonjwa ni wasumbufu. Wapo. Tunakuja watu kumi kwa mgonjwa mmoja, wengine tunawatolea wauguzi maneno ambayo hawastahili, na hilo silitetei hata kidogo. Hata hivyo, mtu aliyepewa habari hagongi mlango, na familia iliyomteua mmoja wake kuwa mpokea habari itajua kwamba wengine hawana sababu ya kusogea.

Kwa hiyo naomba mambo haya, na nimejitahidi nisiombe lolote linalohitaji bajeti mpya. Kwanza kabisa naomba daftari moja na mtu mmoja kwa kila zamu. Mtu huyo anaweza kuwa mhudumu wa afya au afisa ustawi wa jamii. Daftari liwe na jina la mgonjwa, jina na namba ya simu ya ndugu aliyemchagua, saa aliyoingia, saa upasuaji ulipoanza, saa aliyotoka na alikopelekwa. Kila moja ya saa hizo inapoandikwa, ndugu huyo aambiwe, kwa mdomo au kwa ujumbe wa simu, na muda uliotajwa ukipita aambiwe pia. Naomba mgonjwa aitwe kwa namba ya kadi atakayopewa ndugu yake, na ombi la damu litolewe kwa maandishi likiwa na namba hiyo. Naomba mmoja wa timu ya upasuaji, hata kama ni daktari aliye mafunzoni, azungumze na ndugu huyo kabla ya mgonjwa kupelekwa wodini, hasa pale kilichofanyika kimezidi au kimetofautiana na kilichoandikwa kwenye fomu ya ridhaa. Na naomba, kuliko yote, kwamba mgonjwa anapoanza kuzinduka na hali yake ikiruhusu, ndugu mmoja aruhusiwe kusimama mlangoni mwa chumba cha uangalizi, hata kama ni kwa dakika mbili, ili aonekane.

Nitakukumbusha jambo moja ambalo nina hakika unalijua kuliko mimi. Ile orodha ya Shirika la Afya Duniani ilijaribiwa katika hospitali nane za miji minane duniani, kuanzia London na Seattle hadi Manila, na mmoja wa miji hiyo minane ulikuwa Ifakara, hapa hapa kwetu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba vifo vya waliofanyiwa upasuaji katika hospitali hizo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Msingi wa orodha hiyo ni watu kusimama kidogo na kuambiana kwa sauti yale wanayoyajua. Katika hatua yake ya mwisho, kabla mgonjwa hajatolewa chumbani, timu huthibitisha hesabu ya vifaa, chachi na sindano, kisha hutaja mambo ya kuangaliwa mgonjwa atakapokuwa akipata nafuu. Naomba hapo hapo, katika hospitali yako, liongezwe swali moja: "Nani amekwenda kuwaambia ndugu?"

Naomba majibu ya maandishi ndani ya siku 30 kuanzia tarehe ya barua hii. Niko tayari kuitwa, kukaa na Muuguzi Mfawidhi, na hata kulipiga mistari daftari la kwanza kwa mkono wangu mwenyewe, maana hiyo ni kazi ninayoifanya kila siku.

Nina sababu ya kutaja siku. Mama amepangiwa kurudi kwenu mwezi Septemba ili utumbo wake uunganishwe. Ameshaniuliza mara tatu kama safari hii nitakuwapo akifumbua macho, na bado sijaweza kumjibu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Binti wa mgonjwa wa kitanda namba 14,
Wodi ya Upasuaji ya Wanawake.

Nakala:
Mganga Mkuu wa Mkoa
Mwenyekiti, Bodi ya Ushauri ya Hospitali
Muuguzi Mfawidhi